Dawa ya Deni: Nikimsoma Desmond Meade

Kitabu kiitwacho Let My People Vote nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekifunga nikiwa na vitu viwili moyoni: heshima na ubishi. Heshima ni kwa mtu aliyekiandika. Ubishi ni juu ya namna alivyoamua kukiandika. Makala haya ni ya ubishi huo, maana heshima peke yake haimsaidii msomaji.

Mwandishi ni Desmond Meade, Mmarekani mweusi wa Florida, na kitabu kilitolewa na Beacon Press mwaka 2020. Ni tawasifu, lakini tawasifu yenye kazi ya kufanya. Inasimulia jinsi mtu aliyepoteza haki ya kupiga kura kwa sababu ya makosa ya jinai alivyoongoza kampeni ya kubadilisha katiba ya jimbo zima, ili watu kama yeye warudishiwe haki hiyo. Jina la kitabu linatukumbusha Musa mbele ya Farao. Kabla hata hujafungua ukurasa wa kwanza, umeshajua mwandishi anasimama upande gani, na ni nani anayemwona amekalia kiti cha enzi.

Kwa ambao hawakuyafuata mambo ya kule, niyaeleze. Florida iliweka katika katiba yake ya 1868, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa, kwamba mtu akitiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai hupoteza haki ya kupiga kura. Si kwa muda wa kifungo. Maisha yote. Unatoka jela, unafanya kazi, unalipa kodi, unasomesha watoto, na siku ya uchaguzi unakaa nyumbani. Kufikia 2018 watu waliokuwa katika hali hiyo, ingawa walishamaliza vifungo vyao, walikadiriwa kufika milioni 1.4. Miaka miwili kabla ya hapo, zaidi ya mmoja kati ya kila watu weusi watano wenye umri wa kupiga kura jimboni humo hakuruhusiwa kupiga kura. Sheria haikutaja rangi popote, na haikuhitaji kuitaja.

Mlango mmoja ulikuwepo: bodi ya msamaha. Gavana na maofisa watatu wakuu wa jimbo walikutana Tallahassee mara nne kwa mwaka, na mwombaji alisimama mbele yao kujieleza. Alipewa kama dakika tano. Wanaweza kumuuliza kama bado anakunywa pombe, kama anakwenda kanisani, kama amepata faini ya gari. Gavana Rick Scott aliwahi kusema wazi katika kikao kwamba hakuna kanuni inayowabana, wanaamua watakavyo. Chini ya gavana Charlie Crist, masharti yalilegezwa na zaidi ya watu 150,000 wakarudishiwa haki. Scott alipoingia mwaka 2011 akaweka muda wa kungoja miaka 5 au 7 kabla hata ya kuomba, na waliofanikiwa katika miaka yake 8 wakawa elfu chache tu. Yaani haki ya uraia ilipanda na kushuka kama bei ya nyanya, kulingana na nani amekaa ofisini.

Sasa turudi kwa Meade mwenyewe. Maisha yake yana umbo ambalo kila mhariri wa tawasifu angelitamani. Alizaliwa St. Croix, akakulia Miami, akaingia jeshini, akaingia kwenye dawa za kulevya, akaingia jela. Mwaka 2001 alihukumiwa miaka 15 kwa kosa la kuwa na silaha hali ana rekodi ya uhalifu. Akatoka mwaka 2004 baada ya rufaa. Agosti 2005 alisimama kando ya reli mjini Miami, hana nyumba, hana kazi, akingoja treni ije immalize. Treni haikuja. Akavuka reli, akaendelea kutembea, akaenda kutafuta matibabu ya uraibu wake. Kutoka makazi ya wasio na nyumba akaanza chuo, na mwaka 2014 akahitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida. Lakini uwakili hakuweza kuuomba, kwa sababu haki zake za kiraia zilikuwa hazijarudishwa. Mwaka 2016 mke wake, Sheena, akagombea ubunge wa jimbo. Mumewe hakuweza kumpigia kura.

Hapo pa reli ndipo watu wengi watakapolia. Mimi nimevutiwa zaidi na hapo pa mke. Kwenye reli kuna mtu mmoja na mauti, na mambo kama hayo yako katika kila ushuhuda unaotolewa kanisani Jumapili. Katika habari ya mke kuna kitu ambacho fasihi haikionyeshi mara nyingi: adhabu isiyopiga kelele. Hakuna askari, hakuna pingu, hakuna ukuta. Kuna mume aliyevaa fulana ya kampeni ya mke wake, anayegonga milango ya wageni kuwaomba wafanye jambo ambalo yeye mwenyewe amekatazwa. Ukitaka kujua rekodi ya jinai ni nini hasa, usiangalie gereza, mwangalie huyo mume.

Kampeni yenyewe imesimuliwa kwa mwendo mzuri. Ili pendekezo liingie kwenye karatasi ya kura zilihitajika saini 766,200. Meade alizunguka jimbo kwa gari lake miaka na miaka, mji kwa mji, kabla fedha kubwa hazijaja. Anachouza si hoja ya kisheria. Anawauliza watu kama wana mtu wanayempenda aliyewahi kukosea. Nani hana? Mzungu mwenye kofia ya chama cha Republican ana mtoto wake aliyekamatwa na vidonge. Mama mweusi wa Miami ana kaka yake. Miongoni mwa waliosimama naye ni Neil Volz, mtu wa Republican aliyetiwa hatiani katika kashfa ya Jack Abramoff, mzungu aliyepoteza kura kama Meade alivyoipoteza. Wawili hawa wangeweza kutumiwa kama mapambo. Kitabu kinawapa nafasi ya kuwa marafiki kweli, na ni sifa yake.

Tarehe 6 Novemba 2018 pendekezo likapita kwa asilimia 64.55, wakati kilichotakiwa kilikuwa asilimia 60. Lilipata kura zaidi ya milioni 5.1, nyingi kuliko alizopata mgombea yeyote wa ugavana usiku ule. Waliohukumiwa kwa mauaji na makosa makubwa ya ngono waliachwa nje. Januari 8, 2019, Meade akaenda kujiandikisha. Simulizi ya namna hii ukiisoma usiku huwezi kuiacha, na sidhani kama kuna aibu yoyote katika kukubali hivyo.

Basi ubishi uko wapi?

Uko kwanza kwenye umbo. Meade anapinga bodi ya msamaha, na anaipinga kwa haki: kwa nini raia asimame mbele ya watu wanne, aeleze maisha yake kwa dakika tano, alie kidogo, ataje mchungaji wake, halafu wao waone kama amefaa? Kura si zawadi ya tabia njema. Lakini hebu kiangalie kitabu chenyewe kimejengwaje. Nilianguka, niligusa chini kabisa, nikainuka, nikasoma, nikaoa, nikatumikia wengine, tazameni nilivyo sasa. Hilo ndilo ombi lilelile la Tallahassee, ila sasa limepewa kurasa mia kadhaa badala ya dakika tano. Hoja inasema haki isitegemee hadithi nzuri. Umbo linasema: sikilizeni hadithi yangu nzuri.

Najua nitajibiwa nini. Bila hadithi hiyo nani angesoma? Kampeni ingeshindaje? Ni kweli. Watu hawabadilishi katiba kwa sababu ya takwimu. Ila mhakiki ana kazi ya kuuliza nani anabaki nje ya hadithi. Katika hao milioni 1.4 wapo ambao hawakusoma sheria. Wapo waliotoka jela wakarudi kulekule, wakatoka tena. Wapo wasiojua kuongea, wenye hasira, wasiojutia vizuri mbele za watu. Wapo waliokaa tu: wanaamka, wanakwenda kazini kwenye ghala, wanarudi, wanaangalia televisheni. Mtu wa namna hiyo tawasifu yake haichapishwi. Na yeye ndiye kipimo cha kweli cha hoja ya Meade, kwa sababu kama haki ni haki, ni yake pia, hata kama hana treni ambayo haikuja. Kitabu kinamtaja mtu huyu kwa jumla, kwa mapenzi makubwa, lakini hakimpi uso. Nilimtafuta kwa hamu, sikumwona vya kutosha.

Ubishi wangu wa pili ni juu ya neno. Kampeni ilisimama juu ya sitiari ya deni: mtu aliyemaliza adhabu amelipa deni lake kwa jamii, na deni likishalipwa limekwisha. Sisi tunaielewa mara moja. Dawa ya deni ni kulipa, tumeisikia tangu utotoni, kwa muuza duka na kwa bibi. Sitiari safi, inaingia kila mlango. Nadhani ndiyo iliyowashawishi wapigakura wa kihafidhina zaidi ya kitu kingine, maana inamheshimu mkopeshaji.

Tatizo la sitiari ni kwamba adui yako naye anajua kusoma. Katiba mpya ilisema haki inarudi baada ya kukamilisha masharti yote ya hukumu. Mwaka 2019 bunge la Florida likatunga sheria, na gavana Ron DeSantis akaitia saini mwezi Juni, likisema masharti yote maana yake ni pamoja na faini, ada za mahakama na fidia. Deni? Haya, leteni pesa. Ile lugha ya mfano ikageuka kuwa risiti. Mtaalamu aliyetoa ushahidi mahakamani alikadiria kuwa watu kama 774,000 waliomaliza vifungo walikuwa bado na madeni ya namna hiyo, na wengi hawakuwa na njia ya kuyalipa. Kibaya zaidi, jimbo lenyewe halikuwa na daftari moja linaloonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Mtu anataka kulipa, na hakuna wa kumwambia alipe ngapi. Mei 2020 jaji Robert Hinkle akasema huo ni mfumo wa kulipia kura. Septemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu yake. Wachangiaji wakajitokeza kulipia watu, Michael Bloomberg akisaidia kukusanya zaidi ya dola milioni 16. Halafu Agosti 2022 gavana akatangaza kukamatwa kwa watu 20 waliopiga kura 2020 hali hawakuruhusiwa. Kadhaa kati yao walikuwa wamepewa kadi ya mpigakura na serikali hiyohiyo.

Simlaumu Meade kwa ujanja wa wabunge. Nasema tu kwamba fasihi inatufundisha kuogopa sitiari inayofanya kazi haraka mno. Ukikubali kwamba raia aliyefungwa ni mdaiwa, umeshakubali kuna mkopeshaji, na mkopeshaji ndiye anayeshika kitabu cha hesabu. Yule anayeomba kura kwa sababu amelipa atanyimwa kura kwa sababu hajalipa. Kulikuwa na njia nyingine ya kusema: kwamba kura haikuwahi kuwa mali ya serikali hata iweze kuizuia kama dhamana. Njia hiyo ni ngumu zaidi kushinda nayo asilimia 60, nakubali. Ila kitabu, tofauti na kampeni, kilikuwa na nafasi ya kuitafakari, maana kiliandikwa baada ya sheria ya 2019 kupita. Kinaigusa, kinaumia, kinaendelea na safari. Mimi ningependa kikae hapo sura nzima. Kule waliko na mambo ya kweli ndiko kinakokimbilia mwisho.

Kuna neno jingine ambalo Meade amelifanyia kazi nzuri. Anakataa kuwaita wenzake kwa jina la kosa lao. Anawaita raia wanaorejea. Nikajaribu kuliweka katika Kiswahili na nikaona lugha yetu ina hazina yake humo. Mfungwa kwetu ni mtu aliyefungwa, amefungwa na mwingine. Jina halisemi alifanya nini, linasema amefanywa nini. Na kilichofungwa hufunguliwa. Kisarufi mlango uko wazi. Lakini mtaani je? Mtaani tunasema huyo ni mtu wa jela. Huyo alikuwa ndani. Tunasema hivyo miaka ishirini baada ya kutoka, kwenye kikao cha harusi, mtu anapopendekezwa awe mweka hazina. Kosa moja haliachi mke, tunasema pia, ila kwenye kikao hatulikumbuki.

Hili ndilo lililonifanya nikifikirie kitabu hiki kama msomaji wa Kiswahili, si kama mtalii katika siasa za Florida. Fasihi yetu ya gereza ni tajiri, lakini karibu yote ni ya wafungwa wa siasa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake Kenya: Twendapi?, na mashairi ya jela yakawa Sauti ya Dhiki, iliyotoka 1973 na kupewa tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Alamin Mazrui alituletea Chembe cha Moyo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Detained. Hawa hawaombi kusamehewa, na hawakupaswa kuomba. Aliyekosea ni aliyewafunga. Rekodi yao ya jinai ni nishani, na sisi wasomaji tumewavisha kwa furaha.

Mwizi wa kuku je? Aliyekamatwa na msokoto wa bangi? Aliyempiga mtu chupa kwenye klabu akiwa na miaka 19? Yule anayekuja akilini ni John Kiriamiti, aliyehukumiwa miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu, na riwaya yake My Life in Crime ikatoka 1984. Tuliisoma kwa kufukuzana na polisi mitaani Nairobi. Tulipenda uhalifu, hatukuuliza sana yatakayofuata mtu akitoka. Meade anaandika kuhusu hayo yanayofuata, na kwa Kiswahili sehemu hiyo ya maisha bado inasubiri mwandishi.

Na mambo ya kuandika yapo tele. Kwa upande wa kura, Kenya imewazidi Florida kwa mbali. Ibara ya 83 ya Katiba ya 2010 inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5 iliyopita. Kufungwa kwenyewe hakumnyimi mtu kura, na mwaka 2017 wafungwa walimpigia kura rais wakiwa magerezani. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 5, imeliachia Bunge kuweka masharti kwa waliotiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Lakini kura si maisha yote. Kijana wa Nairobi anayetafuta kazi ya ulinzi, ya udereva, ya kwenda Ghuba, anadaiwa cheti cha tabia njema kutoka polisi. Jina lenyewe la cheti ni riwaya. Nani aliwapa polisi mizani ya kupima tabia, na mtu aliyelala rumande na kulipa faini akiwa kijana, tabia yake inakuwa njema lini?

Huko Florida nako, msomaji asidhani ushindi wa 2018 ulifuta kitu. Kurudishiwa kura ni jambo moja, kufungiwa faili ni jambo jingine. Sheria ya jimbo hilo ya kufunga au kufuta rekodi kwa kawaida haimgusi mtu aliyetiwa hatiani rasmi. Ni ya walioachiliwa, waliofutiwa mashtaka, au ambao jaji alizuia kuwatia hatiani. Kwa hiyo mtu anapiga kura asubuhi, na mchana anakataliwa chumba cha kupanga kwa sababu mwenye nyumba amelitafuta jina lake kwenye kompyuta. Meade mwenyewe aliingia katika orodha ya jarida la Time ya watu 100 wenye ushawishi mwaka 2019, na bado alingoja hadi Oktoba 2021 kurudishiwa haki zake nyingine za kiraia, kama kukaa kwenye baraza la mahakama na kugombea cheo. Kitabu kilikuwa kimeshakaa madukani mwaka mzima.

Nikifikiria tarehe hiyo naona umbo la tawasifu linashindwa na maisha. Tawasifu inataka mwisho: usiku wa matokeo, watu wanakumbatiana, machozi. Rekodi ya jinai haina mwisho wa namna hiyo. Ina ofisi, fomu, foleni, barua isiyojibiwa. Mwandishi atakayeweza kutuandikia foleni hiyo bila kuipamba, na bila kumfanya aliyesimama ndani yake kuwa shujaa ili tumhurumie, atakuwa amekwenda mbele ya Meade.

Hata hivyo ningemshauri mtu akisome kitabu hiki, hasa anayetaka kuandika. Akisome kwa ajili ya Neil Volz na Meade ndani ya gari moja. Akisome kwa ajili ya mume asiyeweza kumpigia kura mkewe. Akifika kwenye neno deni, asimame hapo kidogo, ajiulize nani ameshika daftari.